Kichwa cha Mkate

Nilipokuwa mdogo, kila nikitumwa mkate wa boflo nilikuwa nakimega kichwa chake njiani, ungali wa moto, na mama hakuacha kunichapa hata siku moja. Juzi bekari mpya ilifunguliwa mtaani kwetu hapa Tanga, nikaenda na mama na binti yangu. Mikate yote ilishakatwa vipande, ikafungwa kwenye mifuko. Mkate gani huo? Niligomba mpaka nikapewa mzima, wa moto. Binti yangu akaubeba kwa adabu hadi nyumbani. Mama akaupokea, akautazama ncha zote mbili.

"Mbona haujamegwa?" akamuuliza mjukuu wake. "Unaumwa?"

Mama akakimega kichwa, akanitilia mkononi.

"Kula, mwanangu. Leo sikuchapi."