Jina Kwenye Mitungi Saba

Miaka kumi na tisa Prudencia Rutashobya amefanya kazi katika maabara ya chuo kimoja huko Nyegezi, na hakuna aliyewahi kumwita Prudencia. Ni Mama Jovinary, kwa heshima. Hata baada ya huyo Jovinary kuiga saini yake, akauza kiwanja chake cha Buswelu na kuzima simu, aliendelea kuitika. Angemweleza nani aibu ile?

Dk. Mihayo alipohamia kutoka pwani, alikuja na mitungi ya spiriti yenye viumbe wa kilindini, wale wa magamba wanaojigandisha kichwa chini kwenye mawe na hawabanduki mpaka kufa. Ukiwaona utadhani konokono, kumbe ni ndugu wa kamba na kaa. Mama Jovinary ndiye aliyewapanga: wenye shina huku, wasio na shina kule, kisha akahesabu vibati vya gamba chini ya hadubini, ukoo baada ya ukoo. Daktari alimzidi digrii tu; kwa jicho, thubutu. Ni yeye aliyesema wale wa mitungi saba ya mwisho si wa ukoo walioandikiwa, maana shina lao lina magamba kama sato. Daktari alicheka, akapeleka sampuli nje, na jibu likarudi kwamba ni aina mpya kabisa.

"Nitaipa jina lako, mama," akamwahidi.

Mwaka mzima aliisubiri siku hiyo. Hakuwa amebakiwa na kitu kingine chenye jina lake.

Jarida lilipotoka, akasoma: *jovinaryi*.

"Daktari, mimi naitwa Prudencia."

"Mama, ningekutajaje kwa jina tupu? Nimekuheshimu."

"Basi libadilishe."

"Haiwezekani," akasema daktari. Jina likishachapishwa limechapishwa, ndiyo sheria yao dunia nzima.

Alikasirika, na zaidi alijikasirikia mwenyewe kwa kuitika miaka yote hiyo. Lakini lebo za mitungi zilikuwa kazi yake, kwa kuwa mwandiko wake ndio mzuri kuliko wote pale. Akachukua kalamu. Jovinary aliandika jina la mama yake kwenye karatasi za kiwanja mara moja tu, kwa mwandiko wa kuparaza. Yeye aliandika la mwanawe mara saba, kwa herufi nzuri, mtungi kwa mtungi.