Sikumtaka mnunuzi atie sahihi

Ndugu na marafiki, leo fedha zangu zimerudishwa kwa mtu ambaye bado anayo mashine yangu ya kushonea.

Niliitangaza humu kundini kwamba inauzwa. Ilikuwa ya marehemu mke wangu.

Jumamosi mnunuzi alitoka Fungurume, akalipa kwa simu, akaipakia kwenye pikipiki.

Leo amelalamika kwamba hakupokea kitu. Kampuni ya simu imemrudishia malipo yote.

Nimefika ofisini kwao. Binti wa dirishani akaniuliza: “Tata, iko wapi karatasi yenye alisinye?”

Sinayo karatasi yenye sahihi yake. (Ndiyo, mimi ninayewaandikia wengine barua kwa nakala tatu.)

Mnunuzi yule alinisalimia kwa Kiluba cha Kasai. Tangu mke wangu afariki, hakuna aliyenena lugha hiyo nyumbani mwangu. Tulizungumza saa nzima. Niliona haya kumdai sahihi mtu wa kwetu.

“Basi tata, taja hata mutu moja mwenye alikuwa palepale.”

“Ninaishi peke yangu, mama.”

Amenipa hadi Ijumaa.

Kwa hiyo ninaomba kwa heshima: aliyeona mashine ikipakiwa mlangoni pangu aandike hapa chini, au aje nyumbani.

Asiyeona chochote naye anakaribishwa.