Siku Kisu cha Mke Wangu Kilipopimwa

Watu wakiniuliza mke wangu anafanya kazi gani, huwajibu polepole ili niifaidi sura watakayoikunja. "Mhunzi," nasema. Wengine hucheka wakidhani natania. Wengine huniangalia mikono, kana kwamba mimi na yeye tuligawiwa kazi kwa makosa. Mimi ni fundi viatu, viganja vyangu ni laini kuliko vya mke wangu, na sioni haya kusema hivyo. Anayeona haya na aone. Mimi usingizi wangu ni mnono.

Karakana yeye na kaka yake waliachiwa na baba yao, mkwe wangu. Ni chumba kirefu chenye mabati yaliyoshika rangi ya moshi, fuawe la kufulia chuma katikati, na jiriwa kubwa la kubania vyuma limefungwa kwenye meza karibu na mlango. Mke wangu na kaka yake, yaani shemeji yangu, wanafanya kazi humo bega kwa bega. Shemeji anafua visu vya porini, vile vinavyonunuliwa na askari wa misitu, warina asali na watu wanaolala nje: visu vinene vya kupasulia kuni, kuchongea, kujengea kibanda na kuwashia moto. Mke wangu anafua visu vya jikoni na majembe. Mtaa mzima unakatia vitunguu visu vyake.

Lakini kisu cha porini kina heshima yake, maana hicho ndicho hupigwa chapa. Chapa yenyewe ni kipande cha chuma alichokichonga mkwe wangu, nyundo ndani ya duara. Hupashwa moto mpaka kikaiva, kisha hubandikwa kwenye mpini, mti ukaungua na alama ikabaki. Na utaratibu wa mzee haujabadilika: hakuna kisu kinachopigwa chapa mpaka mhunzi mwenzako wa karakana hiyo hiyo ajaribu kukivunja. Aliyekifua anasimama kando, mikono nyuma, mdomo kafunga. Kukitetea hakuruhusiwi. Kisu kijitetee chenyewe.

Miaka yote visu vya shemeji vimepimwa na dada yake. Kadhaa amemvunjia mbele ya wateja, na shemeji hajasahau hata kimoja. Vya kwake hakuna aliyewahi kumpimia, kwa sababu kisu cha jikoni hakipimwi. Ndipo asubuhi moja, wakinywa chai kwenye kizingiti cha karakana, akasema, "Kaka, nafua cha porini. Utanipimia."

Shemeji alitabasamu tabasamu ambalo sikulipenda.

"Lete," akasema. "Ila nikikivunja, usinililie. Na ukae na majembe yako moja kwa moja."

"Kikivunjika nakaa na majembe."

Mimi nilikuwa pale na viatu vya mteja mkononi. Nikajisemea, mama yangu, huyu mwanamke amejifunga kamba mwenyewe. Namjua. Akisema atakaa na majembe, atakaa, na mimi ndiye nitakayekula naye meza moja akiwa amenuna.

Tangu siku ile nyumbani kwangu nilikuwa nazungumza na ukuta. Alinunua springi ya lori, akaikata, akaifua, hakuridhika, akaanza upya. Alipaka udongo mgongoni mwa kisu kabla ya kukitia motoni na kukichovya kwenye mafuta. Nilimuuliza udongo wa nini, akanijibu, "Shona viatu." Nikashona viatu. Baadaye nikamshonea na ala ya ngozi, maana kila mtu ana namna yake ya kuomba amani.

Siku ya kupimwa nilifunga kibanda changu nikaenda. Mrina asali mmoja, mteja wa siku nyingi, alikuwa amekuja kunolewa kisu chake, akavuta kigoda akae kushuhudia. Mke wangu akasimama pembeni ya fuawe, mikono nyuma.

Shemeji alianza na ala. Akaitikisa kichwa chini, kisu kikakaa palepale. "Shemeji, hapa umejitahidi," akasema, nami nikavimba kidogo. Akakichomoa. Akafumba jicho moja akatazama makali kuanzia shina hadi ncha, kama kuna mahali yamepinda. Akalowesha kiganja kwa maji na sabuni, akashika mpini, akavuta na kusukuma. Haukuteleza. Akakiweka juu ya gogo lenye fundo, akakipiga mgongoni kwa rungu mpaka gogo likapasuka, fundo na vyote. Akakitazama tena makali. Hayakupata hata pengo. Akachonga kijiti kikavu, nyuzi za mti zikajikunja nyembamba mpaka mrina asali akaguna, "Aisee."

Kisha akakibana ncha kwenye jiriwa, akauegemea mpini kwa uzito wake wote. Shemeji si mtu mdogo. Kisu kikapinda, mimi nikafumba macho, na nilipofumbua kilikuwa kimerudi kimenyooka. Mke wangu hakucheka. Vidole vyake tu ndivyo vilikuwa vinasagana huko nyuma.

Ikabaki moto. Shemeji akatoa kijiti cheusi cha cheche, kile wanachobeba watu wa porini kwa ajili ya siku kiberiti kimelowa. Ukikikwangua kwa mgongo wa kisu, kinatema moto. Akakikwangua. Kimya. Akakikwangua tena kwa nguvu. Kimya. Akapitisha kidole gumba mgongoni mwa kisu, polepole, kisha akamgeukia dada yake.

"Umeukwatua mgongo ukawa mviringo," akasema. "Hauna kona. Umefanya kisu cha jikoni, dada."

Nikaelewa papo hapo. Mikono ilikuwa imemsaliti. Visu vya jikoni huviringishwa mgongo kwa msasa ili visimuumize mpishi kidole, na amefanya hivyo maisha yake yote. Amekwatua bila hata kufikiri, na tena kwa mapenzi.

"Mtu amelowa mvua, anatetemeka, hana moto," shemeji akaendelea. "Amfanyie nini kisu chako? Amenyee ndizi?"

Hapo damu ikanipanda. "Gogo limepasuka, jiriwa limeshindwa, wewe umeng'ang'ania kijiti!"

"Shemeji, pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Hii naila kila siku. Nimeioa!"

Mrina asali alicheka mpaka kigoda kikalia. Mke wangu alinikata jicho moja tu, nikanyamaza. Halafu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Kaka, naomba tupa."

"Tupa? Chuma kilichoiva hivi? Utaniulia tupa yangu bure."

"Naomba tupa."

Akapewa ile ya kukwangulia chuma. Akakibana kisu kwenye jiriwa, mgongo juu, akaweka tupa, akasukuma. Tupa ikauma. Vumbi la chuma likaanza kudondoka mezani, jeusi na laini, naye akasukuma kwa mikono iliyotulia mpaka kona mbili zikasimama wima, kali. Shemeji alikuwa amesogea bila mwenyewe kujua. Akamnyang'anya tupa, akaipitisha kwenye makali. Ikateleza kama juu ya kioo. Akairudisha mgongoni, ikauma. Makalini, ikateleza.

"Mgongo laini, makali magumu," akasema taratibu. "Umepaka udongo ili mgongo upoe polepole."

Dada yake akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilijaribu, vyote vikapasuka, nikaacha. Tangu mzee afe hakuna aliyeuweza humu ndani."

Akachukua kijiti cheusi, akakikwangua kwa mgongo mpya. Cheche zikamwagika mpaka kwenye viatu vyangu.

Akaenda kwenye moto, akaitia chapa ya mzee. Tukasubiri wote. Ilipoiva akaitoa kwa koleo, akaja nayo mpaka penye kisu, akasimama. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Hiki sikipigi chapa."

Mke wangu alifumba macho.

"Anayepiga chapa ndiye anayejibu kisu kikirudi na swali," shemeji akasema. "Mteja akiniuliza kimefuliwaje, nitamwambia nini? Sijui. Hiki kimenizidi." Akamgeuzia koleo, mpini wa koleo ukamwelekea yeye. "Kijibie mwenyewe, dada. Na cha kwangu kinachofuata, njoo unifundishe huo udongo."

Mke wangu alishika koleo. Akabandika chapa kwenye mpini, akakandamiza, moshi mwembamba ukapanda, akainua. Nyundo ndani ya duara, imenyooka, haina doa.

Nililia, tena bila kujificha. Mrina asali aliniinamia akaniuliza kama moshi umeniingia machoni.

"Hapana, bwana," nikamwambia. "Yule ni mke wangu."