Kamba ya Bluu Nyuma ya Mlango

Kamba ya bluu haikuwepo.

Mzee Kamba alisimama nyuma ya mlango wa stoo, akalitazama lile lundo, akaligeuza kwa mguu, kisha akainama akaligeuza kwa mkono. Nyekundu ipo. Za kijani zipo mbili. Ya bluu yenye madoa ya njano, hakuna. Na ile alikuwa ameikataa mwenyewe siku nne nyuma, kwa vidole vyake, kwenye pima ya ishirini na mbili, mahali palipobonyea kama tunda lililoanza kuharibika.

Kamba haitembei. Kuna mtu ameichukua. Na funguo za stoo zilikuwa kiunoni kwa mtu mmoja tu.

Mama Funguo alikuwa na miezi miwili kazini. Mwanamke mchangamfu, funguo zake zinasikika kabla yeye hajafika. Mzee hakumwamini tangu siku ya kwanza. Alikuwa anasalimia mno.

"Shikamoo, mzee wangu! Umeamkaje?"

"Marahaba. Nimeamka."

"Umeamka tu?"

"Tu."

"Haya, na hiyo nayo ni habari. Ngoja nikaitangaze."

Asubuhi ile hakumuuliza. Mwizi ukimuuliza mapema anajipanga. Aliamua kuangalia kwanza.

Kazi yake ilikuwa kukagua kamba. Miaka thelathini na moja, kampuni ile ile, ya kupeleka wageni kwenye mlima mrefu, ule ambao ukiutazama kofia inaanguka. Yeye mwenyewe hakuwahi kupita pale barafu inapoanza. Mlima aliujua kwa kamba zinazorudi. Kamba iliyokaa juani huko juu hurudi imepauka na kukauka kama nywele za mgonjwa. Iliyokanyagwa na miiba ya chuma ya viatu hurudi na vitundu usivyoviona kwa macho. Iliyopigwa na jiwe hurudi ganda zima, ndani imekatika nusu. Na mwaka mmoja ilirudi kamba iliyoishia mahali ambapo haikutakiwa kuishia. Hakuna aliyemweleza. Aliishika ile ncha, akaenda kukaa nje.

Kamba huoshwa kwenye karo, hukaushwa kivulini, halafu huvutwa vidoleni, macho yamefumbwa, pima kwa pima, kila pima upana wa mikono iliyonyooshwa. Mkewe alikuwa anakaa mbele yake kwenye kigoda, anazungusha iliyokwisha kupita. Mzee akisema "imekufa," mkewe anachukua kisu anaikata hapo hapo, vipande vya pima mbili mbili, anawagawia majirani wakaanikie nguo. Kamba iliyokufa haikuwahi kulala nzima kwenye stoo ile.

Mkewe aliondoka miezi saba iliyopita. Kifua. Watu walijaa nyumbani, kila anayeingia anamshika mzee mkono, anasema, "Mama amepumzika." Alilisikia neno hilo siku tatu mfululizo, akabaki nalo. Lile jingine, la kufa, halikutoka tena kinywani mwake, hata kwa kuku, hata kwa betri ya tochi. Tochi ikigoma alisema imepumzika. Watoto wake walitazamana, wakamwacha.

Kisu nacho hakukigusa. Kamba mbovu akawa anazitupa nyuma ya mlango, anamwambia aliyepo stoo, "Hii imepumzika." Mtunza stoo wa zamani alikuwa anaitikia kwa kichwa. Alikuwepo msibani. Alipostaafu akaja Mama Funguo. Naye akaitikia kwa kichwa, akafunga kikaratasi kwenye kamba, akaandika. Alichoandika mzee hakukijua. Shule hakuwahi kuingia.

Siku ya pili ikapungua ya kijani moja.

Sasa ikawa kazi. Mchana alipita mtaa wa mafundi wa kuchomelea, akaona kibanda cha nyanya kimefungwa kwa kamba ya bluu. Akaishika, akaivuta, akafumba macho.

"Mzee," muuza nyanya akasema, "unanunua nyanya au unanunua kibanda?"

Ilikuwa plastiki. Akaiachia, akaondoka.

Jioni alipita nyuma ya nyumba ya Mama Funguo kuangalia kamba ya nguo. Shuka zilikuwa zimeifunika. Akapita tena. Alipopita mara ya tatu dirisha likafunguka.

"Mzee wangu! Umepotea?"

"Napita."

"Unapita au unazunguka? Mume wangu ameanza kuuliza."

Akarudi nyumbani uso ukimwaka. Hakulala vizuri. Anaziuza, aliwaza. Anawauzia watu wa kupandisha mizigo kwenye maghorofa, na mtu ataanguka, na kamba itaonekana ni ya kwetu.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, alimfuata stoo, akasimama mlangoni ili asipate pa kupita.

"Kamba za nyuma ya mlango ziko wapi?"

"Zipi?"

"Usinizungushe, mama. Bluu na kijani."

"Aa, hizo!" Hata hakushtuka. "Hizo zimepanda. Kiongozi alitaka za ziada kabla hajaondoka, nikampa ya bluu. Ya kijani nimeituma jana na wapagazi."

"Kiongozi gani?"

"Mzee jamani, kiongozi wako. Binti yako."

Kitinda mimba wake. Yuko juu siku ya tano, na wageni wanne. Mzee aliukamata mlango. Halafu akakimbia, yeye ambaye miaka kumi hajakimbia, akavuka uwanja mpaka ofisini kwa bosi, penye redio ya kuongea na mlima.

"Niitie mwanangu," alimwambia bosi.

"Saa ya kuongea ni kumi, mzee."

"Niitie sasa."

Bosi alimtazama usoni, akaongeza sauti ya redio, akaita kwamba baba yake anamtaka. Akaita tena. Ikakwaruza, kisha sauti ikaja, nyembamba, inahema kila baada ya maneno mawili. Huko juu hewa haimtoshi mtu hata kwa kuongea.

"Baba? Kuna nini? Ova."

"Kamba ya bluu. Unayo?"

"Iko kwenye ukuta wa barafu. Chini yetu, ncha ninayo hapa. Ndiyo tumepandia. Ova."

Mzee alimgeukia Mama Funguo, aliyekuwa amefika nyuma yake anatweta. Alimtazama kama mtu anayemtazama nyoka ndani ya nyumba.

"Ina karatasi?" akauliza redioni. "Huyu mama amekuandikia nini? Nisomee."

"Ngoja nivue glovu." Upepo ukasikika. "Imeandikwa... imepumzika. Tayari kwa kazi."

"Si ndivyo ulivyoniambia, mzee?" Mama Funguo akasema. "Hii imepumzika, hii imepumzika. Nikajua imekaa, imerudisha nguvu. Hizi nyingine zimetoka mlimani wiki iliyopita, nikaona bado zimechoka. Nikampa mwanao zilizopumzika. Nilimchagulia!"

"Baba." Sauti ya binti ilikuwa imebadilika. "Hii imepumzika ni ya nani? Ni ya watu, au ni ile ya kwako? Ova."

Mzee alisogea karibu na redio, akafumba macho.

"Baba, wageni wawili wanaumwa kichwa, nawashusha. Wa kwanza ameshajifunga mkanda. Yuko ukingoni. Sema neno lenyewe."

Aliona kitanda cha mkewe. Aliona shuka lilivyokuwa. Vidole vyake vilikuwa vinavuta hewa, pima kwa pima, kama vimeshika kitu.

"Imekufa," akasema. "Imekufa, mwanangu. Pima ya ishirini na mbili. Na ya kijani ikija, imekufa. Mtu asiiguse."

Wakamsikia akipiga kelele huko juu, si kwao. "Rudi! Rudi nyuma! Usiilalie hiyo! Kaa chini, hapo hapo ulipo!" Kisha redio ikakwaruza, ikanyamaza.

Ukuta ule ni pima arobaini. Kamba nzima aliyobaki nayo binti ilikuwa ya pima kumi na tano. Alipiga misumari kwenye barafu, akawateremsha mmoja mmoja, kipande kwa kipande, akafunga, akafungua, akafunga tena. Siku mbili. Usiku mmoja walilala wamefungwa ukutani kama mizigo. Mzee hakutoka ofisini. Mama Funguo naye hakutoka. Walikaa kwenye benchi moja, huku na huku. Mara moja tu alimsogezea maji, mzee akanywa.

Walirudi wote watano. Kileleni hakufika mtu. Mgeni mmoja vidole viwili vya mguu vilikuwa vyeusi kwa baridi, vikakatwa. Binti alikohoa mwezi mzima. Alipomwona baba yake hospitalini alimwambia jambo moja tu: "Ungemwambia mama wa stoo, baba. Sisi tulikuwa tunakuelewa. Yeye angejuaje?"

Mzee alirudi stoo akazikata zilizobaki nyuma ya mlango, zote, mpaka kisu kikawa butu.

Baada ya wiki bosi akawaita. Mama Funguo alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Yule mgeni aliyekatwa vidole anataka kujua nani alitoa kamba mbovu," bosi akasema. Akamtazama Mama Funguo. "Wewe ni mgeni hapa. Mzee huyu miaka thelathini hajakosea."

Alikuwa anampa mzee njia. Mzee aliiona. Ilikuwa pana.

"Aliandika nilichosema," akasema. "Neno ni langu. Na kukata ilikuwa kazi yangu. Sikukata."

"Mzee, fikiri vizuri."

"Nimefikiri siku mbili kwenye benchi lako."

Bosi alifunga daftari lake. Hakumfukuza mtu. Ila alisema kuanzia siku ile kila kamba ipite mikono miwili, ya mzee kwanza, kisha ya Mama Funguo, na mama akitilia shaka mahali, kamba imekataliwa. Haulizwi mtu.

Jumatatu walikaa wawili karoni. Mzee alivuta nyekundu nyingine, ya msimu uliopita, pima hamsini, akampa.

"Hii?" mama akauliza.

"Nzima."

"Nzima ya watu, au nzima ya kwako?"

"Nzima."

Mama Funguo alifumba macho, akaanza kuvuta, polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Kwenye pima ya kumi na nne akasimama. Akarudi nyuma. Akasimama tena.

"Hapa mimi sipaamini."

Mzee alipapasa. Hakusikia kitu. Alipapasa mara ya pili, macho amefumba, akangoja kama mama atasogea mbele. Hakusogea.

"Basi iweke pembeni," akasema, akavuta nyingine.