Chombo cha Majivu ya Everlyne

Niite mwongo ukitaka, lakini niache nimalize kwanza. Haya hayakunipata usiku, wala sikuwa nimelewa. Yalinipata Ijumaa mchana, jua la Doha likiwa utosini, na hadi leo nikiyasimulia mwili hunisisimka.

Dada yangu Everlyne alifanya usafi hotelini hapa Doha kwa miaka mingi. Figo zilipomshinda akarudi Kenya, akafia Nairobi. Alikuwa ametuachia neno: achomwe, na majivu yake yazikwe kwenye migomba nyuma ya jiko la mama, ndani ya chombo kitakachooza. "Si mama humwaga majivu ya jikoni pale kila asubuhi?" aliniambia kwa simu, akicheka na pumzi hana. "Hata mimi nitazoea. Lakini msinifungie."

Hilo la kufungiwa nililielewa. Aliwahi kuishi chumba kimoja na Mganda mmoja, Akello, kule Industrial Area ya hapa Doha. Akello alilala usiku mmoja asiamke. Alirudishwa kwao ndani ya sanduku lililozibwa kwa bati, na watu wa nyumbani wakaambiwa wasilifungue. Mama yake alizika sanduku. Uso wa mwanawe hakuuona. Jambo hilo lilimuuma Everlyne mpaka mwisho. Mimi sikuwahi kukutana na huyo Akello.

Basi kazi ya kutafuta chombo ikaniangukia mimi, dereva wa familia moja ya mtaa wa Al Thumama. Niliagiza kimoja mtandaoni, cha karatasi iliyopondwa, rangi ya udongo, kisichodhuru ardhi. Mfuniko wake ulikaa tu juu bila gundi. Kilikuwa chepesi hadi nikaona aibu. Nilipomtumia mama picha alinipigia papo hapo. "Umekaa Qatar miaka yote hiyo, halafu unamletea dada yako trei ya mayai?"

Mama alikuwa amekwisha kumeza mengi. Kwetu mtu hachomwi, na majirani walikuwa wanasema. Alitaka angalau kitu cha kuonekana, na ningemlaumuje? Anayetoka Gulf hutegemewa kushuka na vitu vinavyong'aa. Nikanunua mtungi wa shaba wenye nakshi, mfuniko wa kukaza kwa kuzungusha.

Ijumaa hiyo, siku moja kabla ya safari yangu, niliwapeleka waajiri wangu mji wa Al Wakrah, kusini mwa Doha. Walipoingia msikitini nikakaa juu ya jiwe moja kati ya mawe yaliyokuwa mbele ya maduka yaliyofungwa, kivulini, vyombo vyote viwili miguuni, nikijiuliza nipakie kipi. Hapakuwa na mtu. Nisadiki, hata paka hawakuwepo.

Mara mwanamke akawa ameketi kando yangu. Hatua zake sikuzisikia. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, na alivaa sweta ya manjano, katika joto lile!

"Kaka, hicho kinafunguka?" aliuliza kwa lafudhi ya Kiganda, akionyesha cha shaba.

Nikadhani ni mmoja wetu anayesubiri basi. "Kinafunguka," nikasema.

Aliuchukua mtungi, akazungusha mfuniko. Haukutoka. Akakaza mikono, akakwaruza ukingo kwa kucha, akaanza kulia kimya kimya, machozi yakidondokea shaba. Nikaupokea nimsaidie. Ulikuwa baridi kana kwamba umetoka kwenye friji. Na ndani yake, mtungi mtupu niliouchungulia mwenyewe dukani, kitu kiligonga. Kikagonga tena.

"Mama yangu alikuja kunipokea uwanja wa ndege," akasema. "Akakesha na mimi usiku kucha. Mpaka leo hajaniona."

Wewe ungejibu nini? Akakichukua kile cha karatasi, akainua mfuniko kwa kidole kimoja, akaurudisha, akauinua tena, akatabasamu. Akakiweka mapajani mwangu. Watu wakaanza kutoka msikitini, nami nikageuka kuwatazama. Nilipomrudia hakuwepo. Niligusa jiwe alilokuwa amekalia. Lilikuwa baridi, na langu lilikuwa linachoma.

Jioni nilipekua picha za zamani ambazo Everlyne alinitumia. Nikaipata: wawili wameketi kitandani, dada yangu na mwanamke mwenye mwanya, sweta ya manjano. Chini yake dada aliandika, "Mimi na Akello wangu."

Nilisafiri na cha karatasi. Nairobi nikahamishia majivu humo, nikayapeleka nyumbani. Mama alikipokea, na niliona amekasirika. Lakini tulipofika kwenye migomba, kabla sijakishusha shimoni, aliinua mfuniko akatia mkono ndani, akauacha humo muda mrefu.

"Nimekuona, mwanangu," akasema. "Nimekuona." Ndipo akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu msiba ulipotufikia. Nililia naye, na bado nalia nikikumbuka.

Mtungi wa shaba niliuacha kabatini kwangu Al Thumama. Mafundi wawili wameshindwa kuufungua. Ijumaa mchana kitu hugonga ndani yake. Nimetaka kuutupa nikashindwa, maana naona kama kuna mtu humo anayemngoja mama yake.

Kwa hiyo, wewe unayenisikiliza, ukiachiwa kazi kama yangu usichague kwa ajili ya macho ya majirani. Chagua kinachofunguka. Na ukiwa Al Wakrah Ijumaa mchana, mwanamke wa sweta ya manjano akakuuliza kama chako kinafunguka, tafadhali, kijaribu kwanza kabla hujamjibu.