Korongo Aliyepasuliwa

Adela alifukuzwa misheni mwaka 1968 kwa dawa ambayo hakuiiba. Kazi yake ilikuwa kuchuna ndege, kukausha ngozi zao, kuzijaza na kuzishona, kwa ajili ya makumbusho ya viumbe yaliyoanzishwa na padri mmoja mzee nje kidogo ya Sumbawanga. Aliyemsingizia kwamba anauza dawa ya kuhifadhia ngozi ni msimamizi wake, Isdori, mtu ambaye hata kifungo hajui kukishona.

Ikapita miaka ishirini na mitano. Serikali iliporuhusu biashara huria, Adela akaanza kuuza mitumba Mazwi, mjini Sumbawanga. Siku moja mteja wake, Mwalimu Edith, akamsimulia huku akichagua sweta:

"Jana nimepeleka wanafunzi makumbusho. Mzee Isdori ni fundi jamani! Ndege wote wale kawashona yeye."

Adela alilikunja gauni alilokuwa ameshika, akalikunjua, akalikunja tena. Kesho yake asubuhi hakufungua kibanda. Alijifunga vitenge vya kanisani, akatia mkasi kwenye pochi, akaenda.

Alijichanganya na wageni. Wakapita kwenye makabati: kozi, bundi, vipepeo waliopauka. Kila ndege alimjua kwa mshono wake. Mbele ya korongo mwenye taji Isdori akasimama, akanyoosha fimbo.

"Huyu alinichukua wiki mbili. Nimemjaza pamba safi."

"Pamba?" Adela akauliza.

"Pamba, mama."

Adela akasogea, akamshika korongo shingo, akampasua tumbo kwa mkasi. Yakamwagika makapi sakafuni, mpaka kwenye viatu vya wageni.

"Makapi ya ulezi, kutoka shamba la mama yangu kule kijijini Mollo. Niliyabeba kichwani mwenyewe. Hunikumbuki, Isdori? Mimi Adela."

Isdori akashusha fimbo. "Adela, unaniua mbele za watu."

"Na mimi uliniua wapi? Chumbani?"

Padri Zenon, mkuu wa misheni, alimbana Isdori mpaka akakiri yote, kisha akamwondoa kazini. Yeye mwenyewe akaja kibandani Mazwi, kofia mkononi, kumwomba Adela radhi na kumsihi akamshone korongo.

"Radhi nimepokea, Padri," Adela alisema. "Kushona, hapana. Kila anayeingia amwone vile vile, aulize."

Watu walimwambia Adela kwamba siku hizi Isdori anazunguka kwa nyuma ili asipite Mazwi. Adela aliifurahia habari hiyo, akataka aambiwe tena. Kilichomuuma ni korongo tu. Katika kazi zote za mikono yake, hakuna iliyompita yule kwa uzuri.