Nguo Zenye Nilifua Mara Mbili

Kuna siku moja yenye hainitoke mu kichwa, mwanangu, na leo utaisikia yote, hata kama itanitia haya. Kaa hapa. Weka kwanza ile telefone chini.

Jana tukikula, ulicheka ukaniambia ya kama Esperanse, ule munalala naye chumba kimoja kule Walikale, amekuomba umusindikize kwa asistani, musaidizi wa profesa, siku ya kwanza ya juma, apeleke kazi yake ya kumaliza masomo, na wewe umekatala. Ukasema, "Aende peke yake, si yeye njo anapendwa na walimu?" Mama yangu wee! Nilisikia mudomo yangu ya usichana inasema ndani ya mudomo yako.

Miye nilikuwa na wivu, mwanangu. Hapana wivu ya kupita. Nilitoka hapa Masisi, kwenye mulima ya babu yako, na mufuko ya maharagi na jibini mbili, nikashuka mpaka Walikale mu pori, kusoma chuo. Nikakuta Furaha, mwenzangu wa darasa. Baba yake alitoka Butembo, alikuwa na duka ya vitambaa pale sokoni Walikale. Furaha alikuwa na viatu vya mvua, viatu vya kanisa, viatu vya kusomea. Miye, peya moja kwa yote. Na mubaya zaidi, alikuwa mwema. Alinigawia sabuni, alinikopesha koti, na kila mara alinipa kitu nilimuchukia zaidi. Unacheka? Cheka tu, ilikuwa hivyo.

Kisha profesa akasoma ukurasa yake mbele ya darasa nzima, akasema, "Muandike sawa huyu binti." Yangu hakuigusa.

Sasa sikia desturi yetu, juu hata ninyi muko nayo. Asistani wa wakati wetu, mwenye alisahihisha kazi zetu mbele ya kuzipeleka kwa profesa, alipokeaka wanafunzi kwake nyumbani. Haikuandikwa mahali popote, lakini sisi wasichana tulikuwa tunaenda wawili wawili. Mumoja anaingia na makaratasi, mwenzake anakaa pa mulango, anachambua maharagi ao anashona, na mulango inabaki wazi. Furaha alinikalia pa mulango mara tatu. Mara tatu, mwanangu! Mara ya tatu mvua ilimunyeshea mpaka nikamaliza, na hakunung'unika.

Siku yake ikafika. Alikuja nyuma ya nyumba na makaratasi mu mukono. "Dada, twende? Nilikuambiaka namna ule muntu ananiangalia. Peke yangu sitaki." Na kweli aliniambiaka. Alivaa ile nguo yake ya bluu, na ilimupendeza, na wivu ikanipanda mpaka macho. Nguo zangu zilikuwa kwenye kamba, zimekauka zamani. Nikazitoa moja moja, nikazirudisha mu beseni ya maji.

Nikamujibu, "Hauoni niko nafua?"

Aliangalia kamba. Aliangalia beseni. Aliona, mwanangu. Akaenda peke yake, kwa sababu ile siku njo ilikuwa ya mwisho ya kupokea kazi.

Sikuwa nimekamua hata shati ya pili, nikamuona anarudi mbio. Kiatu kimoja, mukono ya nguo imepasuka, makaratasi hakuna. Asistani alifunga mulango, akamushika, akamuambia kazi yake haitapita kama hakubali. Furaha akamusukuma akakimbia. Alikuwa ananiangalia miye, anangoja nimukumbatie. Unajua nilimuambia nini? Nilimuambia, "Na hiyo nguo ulivaa, ulifikiri atakuangalia makaratasi?"

Furaha alikuwa na moyo ya nguvu kunishinda. Aliandika barua, akaipeleka ku komite ya nidhamu. Wakamuuliza, "Nani alikuona?" Akataja jina yangu.

Waliniita. Wanaume wane na mama mumoja nyuma ya meza, na asistani amekaa pembeni na tai yake. Ilitaka maneno matatu tu: aliniomba, nikakatala, alirudi na nguo imepasuka. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa ndani ya mudomo yangu. Nikafikiria ile ukurasa yenye profesa alisoma. Nikasema, "Sikuona kitu, nilikuwa nafua. Lakini Furaha anapendaka kwenda kule."

Uongo, mwanangu. Uongo mutupu. Alienda kule mara tatu juu ya kunisindikiza miye.

Asistani alibaki na kiti yake. Furaha alifungasha vitu akarudi Butembo, kwa jamaa ya baba yake, bila kumaliza. Sabuni yake aliniachia pa dirisha, sijue kama alisahau ao alikusudia. Na miye, majina zilipobandikwa pa ukuta, yangu ikawa ya kwanza. Asistani alinipigia makofi. Pale njo nilielewa nani alinilipa, na juu ya kazi gani.

Kila mara unaniuliza juu ya nini diplome ya mama iko mu sanduku chini ya mablanketi, na ya baba yako iko mu salon, kwenye wageni wanakaa. Basi, umejua.

Miaka ikapita. Baba ya Furaha akazeeka, Furaha akarudi Walikale kushika duka. Nikaenda kumuomba musamaha, na nitakuambia ukweli: kuingia tu, kuona duka imejaa wateja wanacheka naye, ile wivu ikanichoma tena, mwanamuke mukubwa sawa miye! Nikamuambia yote. Hakulia, hakunitukana. Alisema, "Nimesikia, Mama. Lakini ulisemea kule, haukusemea hapa. Uende useme kule."

Nikaenda. Asistani alikuwa amehama zamani, komite ilikuwa ingine. Nikasema mbele yao, wakaandika, nikatia sahihi, nikamupelekea Furaha karatasi. Aliisoma mara mbili, akaitia mu droo ya pesa, akafunga na ufunguo. Kisha akaniuliza, "Unataka kitambaa mita ngapi?" Njo musamaha nilipata. Sikulalamika.

Sasa wewe. Wivu itakuja, hauna dawa yake, hata miye ninayo mpaka leo. Iache ikae mu tumbo, lakini isikushike miguu wala mudomo. Mwenzako akikuambia namna muntu anamuangalia, musadiki. Akikuomba umukalie pa mulango, simama. Akirudi analia, usimuulize nguo gani alivaa. Muandike pamoja barua, siku ile ile, na ukiitwa, sema kile uliona na kile haukuona, usiongeze kitu. Na kama mwalimu anakuita kwake na mulango inafungwa, pointi zake abaki nazo, wewe toka. Hakuna masomo yenye inafundishwa vile.

Kesho asubuhi kuna gari inashuka Walikale. Nimekwisha kukuwekea nafasi. Usinikunjie uso. Utafika mbele ya siku ya kwanza, na utamuambia Esperanse, "Niko tayari." Chukua haya maharagi, hayajachambuliwa. Utayachambua pale pa mulango.

Mungu akulinde njiani, akulinde na moyo ya mama yako, na siku wewe utaogopa kuingia mahali, akupatie muntu mwenye nguo zake zimekauka, na hatazirudisha mu beseni.